Alizeti za Masikio Huru

Asubuhi ya Jumatatu, mwanzoni mwa mwezi wa pili, Gerald alishuka kwenye bodaboda iliyomtoa Ilongero, akakung'uta tope kwenye suruali, akaingia katika duka la dawa alimouza Janeth, binti wa shangazi yake. Katika mfuko wa shati alikuwa na flashi aliyoizungushia kipande cha nailoni kwa sababu ya manyunyu. Mbele yake alisimama mama mmoja aliyetaka dawa ya minyoo ya watoto. Janeth alimweleza kipimo cha kila mtoto, akamrudishia chenji, kisha akainama juu ya kaunta ili asikie swali lake la mwisho. Katika sikio lake la kushoto ulikuwa umeota mche wa alizeti wenye majani mawili.

"Huo unaumwagilia?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Unajitegemea."

"Una bahati. Ya kwangu shambani imegoma," alisema yule mama, akatia dawa kwenye kikapu na kwenda zake.

Gerald aliifungua ile nailoni, akaiweka flashi juu ya kaunta. Ndani yake mlikuwa na albamu nzima, nyimbo saba alizozirekodi peke yake katika chumba alichokitundikia magodoro na magunia ukutani, akipiga gitaa, akipiga ngoma, akiimba nusu Kinyaturu na nusu Kiswahili. Aliipa jina la *Mvua ya Upande*. Kwenye jalada aliweka picha ya mawe makubwa yanayoizunguka Singida, kwa kuwa aliona mawe yale yana sura ya kuaminika kuliko yake.

"Nataka uwapelekee wenzako," alisema.

Wenzake walijiita Masikio Huru. Lilikuwa kundi la WhatsApp la watu mia na ushei wa Singida mjini, waliokubaliana kwamba muziki unaopendwa na wengi hauna thamani, na kwamba muziki usiojulikana na yeyote una thamani kubwa kwa sababu hiyo hiyo. Habari walizopashana zilihusu bendi za roki zisizo na kampuni: vijana wa kisiwa fulani cha baridi waliorekodi albamu ndani ya ghala la samaki, au mpiga besi wa mji usioandikika ambaye aliuza kanda zake kwa majirani tu na kisha akagombana na majirani. Aliyependekeza albamu kabla ya wenzake aliitwa Mgunduzi kwa siku nzima. Aliyeipendekeza baada yake aliitwa mfuasi, na watu wazima wenye familia walishawahi kununiana wiki nzima kwa neno hilo. Kwa kuwa albamu huchukua dakika arobaini kuisikiliza na dakika moja kuipendekeza, wanakundi walikuwa wamechagua, bila mkutano wala kura, kushughulika na lile la pili.

Alizeti zilianza kuota mwezi wa kwanza, mvua ziliposhika. Daktari wa zahanati alimulika masikio kadhaa kwa tochi, akathibitisha kuwa ni alizeti, akauliza kama zinauma, akaambiwa haziumi, akamwita mgonjwa mwingine. Bwana shamba alishauri mche mmoja kwa kila sikio ili isibanane. Baada ya hapo jambo lilizoeleka. Aliyependekeza albamu nyingi bila kuzisikiliza alikuwa na mche mrefu. Aliyependekeza chache alikuwa na mche dhaifu, akauficha kwa kofia. Hakuna aliyelihoji hilo, kwani kila mmoja alitazama zaidi urefu wa mche wa mwenzake.

"Nitawapelekea leo hii," Janeth alisema, "ila kaka, usije ukalia humu dukani wakikuponda."

"Kuponda nataka. Kusifia nataka. Ninachotaka ni mtu asikilize mpaka mwisho." Gerald akasema lile lililomleta. "Wimbo wa saba unamaliza kwa swali. Nauliza: niendelee au niache? Naliuliza mara tatu, gitaa linanyamaza, basi. Mgeni mmoja tu akinijibu, jibu lolote, nitalifuata."

"Na asipojibu mtu?"

"Baba amepoteza fundi wa mashine ya kukamulia mafuta, anataka nishike nafasi hiyo. Ananipa muda mpaka alizeti zikauke."

Janeth hakuuliza kwa nini jibu lisitoke kwa ndugu. Alikuwa ameuona huo wimbo ukitungwa, na ndugu wote wa Gerald walishamjibu, kila mmoja kwa sauti yake na kwa faida yake.

Albamu iliingia kundini saa nne asubuhi. Saa nne na dakika mbili Chediel alikwishaandika. Chediel ndiye aliyelianzisha kundi. Aliuza madaftari na kalamu karibu na stendi, na alikuwa na alizeti katika masikio yote mawili, jambo ambalo watu walilitaja kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja shahada. Aliandika kwamba *Mvua ya Upande* ni kazi ya ukomavu wa kutisha, yenye ukimya unaosema zaidi ya maneno, na kwamba mwanamuziki huyu asiyejulikana hapaswi kujulikana kamwe. Ilipofika adhuhuri mapendekezo yalikuwa yamejaa kiasi kwamba simu ya Janeth iliishiwa chaji. Alphonce, mwalimu wa sekondari, alilia kwa maandishi. Mmoja aliusifu upigaji wa tarumbeta. Hapakuwa na tarumbeta.

Simu ilipochajiwa, Gerald aliyasoma yote, akiwa amekaa juu ya boksi la drip. Mwanzoni uso wake ulichangamka. Halafu alirudi juu, akasoma tena, polepole, akitafuta kitu.

"Mwulize Chediel wimbo wa saba unasema nini."

Janeth alilishika jani la mche wake, akalivuta taratibu. "Hatuulizani hivyo, kaka."

"Kwa nini?"

"Aliyekuwa anauliza hivyo ni Evodia. Kila mtu akipendekeza kitu, yeye anauliza ule wimbo wa mwisho umeuonaje. Masikio yake yalikuwa matupu, hata jani. Watu wakasema huyu si mpenzi wa muziki, amekuja kuchunguza. Alitolewa mwezi uliopita."

"Nipe namba yake."

"Tuliifuta wote. Ilikuwa ni makubaliano."

Hilo, miongoni mwa makubaliano yote ya Masikio Huru, ndilo pekee lililotekelezwa na kila mtu.

Mwezi wa tatu ukapita, wa nne ukaingia. Miche ikawa mashina, na kwenye ncha za mashina yakatokea maua machanga, ya rangi ambayo hata anayeyachukia hana budi kuyatazama. Watu walinunua mito yenye tundu katikati. Kinyozi mmoja wa mtaa wa nyuma ya soko alitundika bango la kupogoa. Kwa sababu maua yalikuwa bado machanga, yalifuata jua, na kwa sababu shina lilishika mizizi ndani ya kichwa, kichwa nacho kilifuata: asubuhi Masikio Huru wote walitazama mashariki, mchana walitazama juu, alasiri walitazama magharibi. Mwalimu Alphonce alihamisha ubao wake kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kadiri vipindi vilivyokwenda, na wanafunzi waligeuza madawati.

Katika hali hiyo Chediel alitangaza onyesho. Mwanamuziki asiyejulikana angepiga albamu yote, tangu wimbo wa kwanza hadi wa saba, katika ua wa ukumbi mmoja wa mjini, Jumamosi saa kumi alasiri. Janeth ndiye aliyefikisha habari Ilongero. Gerald aliweka gitaa mapajani, akabadilisha nyuzi zote, hata zilizokuwa nzima.

Baba yake, mzee Simeoni, alikuwa akiitia mashine grisi. "Wamekujibu?"

"Bado, baba. Jumamosi watanisikia kwa macho na masikio. Hapo hawawezi kukwepa."

"Wana masikio?"

"Yana alizeti."

Mzee alifuta mikono kwa kitambaa. "Aina gani?"

"Fupi. Zenye kichwa kikubwa."

"Hizo zina mafuta," mzee alisema, akarudi kwenye grisi yake.

Chediel aliliweka jukwaa upande wa mashariki wa ua, ili jua la alasiri limpige mwanamuziki usoni na picha zitoke vizuri. Hesabu yake ya mwanga ilikuwa sahihi. Gerald alipopanda na gitaa, uso wake uling'aa kama sahani ya bati. Chini yake walikaa watu mia na ushei kwenye viti vya plastiki, na wote, kuanzia mstari wa mbele, walikuwa wamempa kisogo. Maua yalitazama magharibi, yakiwa yametulia. Wale waliojaribu kugeuka walirudishwa na shina, wakaacha kujaribu. Chediel alimkaribisha bila kumwona, akanyoosha mkono nyuma ya mgongo wake, na Gerald akaushika.

Alianza. Katika wimbo wa pili nyuki walifika. Hapa mkoani nyuki hawahitaji kualikwa mahali penye alizeti, na walitawanyika kwenye masikio ya hadhira, ua hadi ua, wakifanya kazi yao kwa bidii ambayo hapakuwa na kingine pale cha kulinganisha nayo. Gerald aliongeza sauti. Aliimba wimbo wa tatu, wa nne, ule wa mawe, ule wa shangazi aliyezikwa Mgori. Aliimba akitazama visogo: kilichonyolewa, kilichosukwa, chenye kovu la jipu. Alipofika wa saba jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye paa la jirani. Aliuliza swali lake mara tatu, akaliachia gitaa linyamaze.

Kukawa kimya, kasoro nyuki.

Halafu hadhira ilisimama, ikapiga makofi kwa nguvu kuelekea magharibi. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele aliinua simu yake na kupiga picha ya jua lililoshuka.

"Ndugu Chediel," Gerald alisema akiwa bado jukwaani, bila kipaza sauti, "wimbo wa saba umeuonaje?"

"Huo wa saba usiuguse," Chediel alimwambia ukuta uliokuwa mbele yake. "Huo ndio moyo wa albamu. Usiubadilishe hata neno."

"Basi humo nimewauliza nini ninyi?"

"Hasa!" Chediel alisema. "Hapo ndipo penye siri yako, kaka."

Kabla Gerald hajafika stendi, mapendekezo yalikuwa yamekwishaandikwa. Wengi waliafiki kwamba kilichowagusa ni ule mvumo wa chini, mzito, usio na maneno, uliopanda na kushuka tangu wimbo wa pili. Walikuwa hawajausikia kwenye albamu, na walimpongeza mwanamuziki kwa kuuongeza. Alphonce aliomba mvumo huo utolewe peke yake.

Gerald alirudi Ilongero, akaliingiza gitaa chini ya kitanda, akaenda kumsalimu baba yake. Mzee Simeoni aliitikia marahaba, akamwonyesha swichi ya kuwashia mashine na swichi ya kuzimia, akamwonya kuhusu mkanda. Gerald alikuwa na ukaidi mmoja uliobaki: alitundika spika ndogo juu ya mlango wa kibanda cha mashine, na kila siku ya kazi aliiacha *Mvua ya Upande* ijirudie tangu mwanzo hadi mwisho. Wateja walioleta magunia hawakuilalamikia. Walikuwa watu wa kulalamikia bei.

Habari za kustaafu kwake zililifikia kundi kwa mkono wa Janeth, na zilipokewa kwa furaha ambayo hakuna albamu iliyowahi kuipata. Mwanamuziki mwenye albamu moja tu, aliyeacha akiwa juu, asiyejulikana sura! Chediel aliandika kwamba sasa kazi ile imekamilika. Waliokuwa na nakala walizihesabu kuwa hazina, wakazihifadhi mahali ambapo zisingechezwa zikachakaa, ingawa faili halichakai.

Mwezi wa sita maua yalikauka, yakainama, yakaacha kufuata kitu chochote. Kinyozi wa nyuma ya soko aliyakata. Zilipatikana mbegu nzuri, nyeusi, zilizojaa, na mtu alisema kwamba kule Ilongero kuna mashine isiyobakiza mafuta kwenye mashudu.

Walikuja Jumamosi, Chediel na wenzake kadhaa, na magunia matatu nyuma ya Noah ya kukodi. Masikio yao yalikuwa wazi kabisa, safi, kama shamba lililovunwa. Gerald alivaa koti la mafuta na barakoa ya vumbi, lakini hata bila barakoa wasingemtambua, maana mara ile moja walipokuwa naye walikuwa wakitazama kwingine. Alimimina gunia la kwanza. Mafuta yalianza kutoka membamba, ya dhahabu, yenye harufu njema. Hapakuwa na wa kuyakosoa.

Wateja walisimama pembeni wakingoja madumu, wakapiga soga.

"Kuna jamaa alikuwa huku huku Ilongero," Alphonce alikuwa akiwasimulia wageni wawili wapya wa kundi. "Albamu moja, akapotea. Mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza."

"Wa kwanza nilikuwa mimi," Chediel alisema.

"Nimesema miongoni."

"Ukoje huo muziki?" mgeni mmoja aliuliza.

"Hauelezeki," Chediel alisema. "Unatakiwa mtu uwe na sikio."

Gerald alizima mashine ili abadilishe dumu. Kibanda kilinyamaza ghafla, na katika ukimya ule spika iliyo juu ya mlango ilisikika vizuri, kila uzi wa gitaa kwa nafasi yake. Ulikuwa wimbo wa saba, karibu na mwisho. Sauti iliuliza kama iendelee au iache. Chediel alikunja uso, akageuza kichwa, ambacho sasa kiligeuka bila tabu yoyote, akaitazama spika. Gerald alisimama na dumu mkononi. Sauti iliuliza mara ya pili.

"Fundi," Chediel alisema, "zima hiyo redio, kaka. Tunaongea mambo ya muziki hapa."

Gerald alimtazama. Masikio ya Chediel yalikuwa yamesikia, hilo halikuwa na shaka; na katika lile la kulia, ndani kabisa, palikuwa pameanza kuchomoza kitu kidogo cha kijani.

Aliizima kabla swali halijaulizwa mara ya tatu. Kisha akaweka dumu chini ya bomba, akawasha mashine, na mafuta yakaendelea kutoka.