Picha Iliyokwenda Arusini

Watu wa mji wa Ndar wanapohama nyumba, au wanapogawana vitu vya marehemu, huwa kuna sanduku moja lisilogombewa na mtu: sanduku la picha za watu ambao hakuna anayewajua tena. Zamani masanduku hayo yalitupwa. Siku hizo tunazozisimulia yalipelekwa kwa Arame Diop, mjane wa makamo aliyeuza vitambaa sokoni, mwenye subira ya paka mbele ya tundu la panya. Hakumkatalia mtu. Alimpa mletaji maji ya kunywa, akasikiliza habari zake, kisha akalisukuma sanduku chini ya meza, akaisubiri Jumapili.

Jumapili, watu wakishakula na kushiba, alitandika mkeka uani akazimwaga picha zote na kuzipanga taratibu kama anayechagua mchele. Hakuanza na nyuso. Uso, alisema, umekwishaambiwa utulie, hauna habari. Alianza na sakafu, pazia, kiti, viatu. Kwa njia hiyo aligundua kwamba ile saa kubwa ya mkononi, waliyoivaa vijana wengi wa upande wa kaskazini wa mji, ilikuwa saa moja tu, mali ya mpiga picha. Kijana mmoja alikuwa amekunja mkono wa shati ili ionekane. Mwingine aliivaa juu ya mkono wa kanzu. Arame alicheka mpaka akafuta machozi, lakini hakuwa akiwadharau. Alimwona akilini mpiga picha yule akiifungua saa yake kila mara na kumfungia mtu asiye na saa, akimwambia, "Haya, sasa tulia." Huo nao ulikuwa wema, na hakuna aliyewahi kumshukuru kwa huo.

Picha moja tu haikuwahi kushuka mkekani. Ilining'inia juu ya kitanda chake, ndani ya fremu ya mbao nyeusi. Mwanamke kijana ameketi kwenye kiti cha mgongo mrefu, kilemba kimesimama, mikono magotini, macho yanakutazama kama anayengoja umjibu. Kushoto, pale fremu ilipokatia, vilionekana vidole vidogo vimeshika nguo yake. Mtoto mwenyewe haonekani.

Mwanamke huyo alikuwa bibi yake, Mame Marem, aliyemzaa mama yake. Vidole vile vilikuwa vya mama yake. Arame hakumwona hata mmoja wao. Mama alifariki akimzaa yeye, shangazi yake akamlea Dakar, na alipokuja Ndar akiwa mke wa mtu, kurithi nyumba, alikuta bibi naye amezikwa. Alikuta kitanda, mtungi, sanduku la nguo, na picha juu ya kitanda. Upande wote wa mama yake ulikuwa humo, nyuma ya kioo kile. Kila aliyeingia chumbani aliulizwa kama wanafanana, na watu wa Ndar wana adabu: wote walisema wanafanana sana, hasa paji la uso.

Picha za watu alizifungua zote, akatazama migongo yake, akapima na karatasi yake. Ya bibi yake hakuwahi kuifungua.

Mwaka ule bintiye Ulimata alichumbiwa, akasema anataka khoymet kama walivyofanyiwa bibi zake. Zamani bi arusi alipoingia chumbani kwake alikuta kuta zimejaa picha kutoka chini hadi juu, picha zilizoazimwa kwa ndugu, mashoga na majirani, ili mtaa mzima uwe umefika kumkaribisha. Zilikaa siku chache, kisha kila moja ikarudi kwao. Ulimata alimwambia mama yake kwamba wao hawana haja ya kuhangaika, picha za mji mzima zimo chini ya meza. Arame akakataa. Picha ya khoymet, alisema, sharti iombwe kwa mdomo kwa mtu aliye hai. Ukimtundika mtu usiyejua ni wa nani, umekaribisha nani?

Basi akavaa vizuri, akaanza kuzunguka mtaa.

Nyumba aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Mame Ndumbe Ndiaye, bibi aliyepita miaka sabini, aliyerudi mjini akitokea Kaolack kukaa kwa mwanawe. Ukoo wa Diop na wa Ndiaye ni watani tangu enzi na enzi, hivyo hakukuwa na salamu za maana.

"Nani huyo, Diop?" bibi aliuliza kutoka ndani. "Funikeni sufuria, mla wali kaingia."

"Wali wenu una mawe, Mame. Nimekuja kuazima picha."

"Kumwazima Diop picha! Bora nimpe paka samaki aniwekee."

Lakini tayari alikuwa anatafuta funguo za kabati. Alitoa picha mbili, moja yake siku alipoolewa, moja ya marehemu mumewe. Kabla ya kumpa, alichukua sindano, akasokota uzi mwekundu na wa manjano, akaupitisha kwenye pembe ya kila picha na kuufunga nyuma kwa mafundo matatu. Arame alimwuliza anafanya nini. Bibi akamweleza kwamba zamani wenye nyumba wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na nyuzi zake, na anayezirudisha picha baada ya arusi alitazama nyuma akajua aipeleke wapi. Huu mwekundu na wa manjano ulikuwa wa nyumba ya bibi yake. Yeye ndiye wa mwisho anayeutumia.

"Na bado haukusaidia," alisema, akikata uzi kwa meno. "Picha ya mama yangu ilikwenda arusini, haijarudi mpaka leo. Nilikuwa mdogo, sijui hata ilikuwa arusi ya nani. Mwaka uleule mama akafa. Uso wake siujui."

Arame akaokota kipande cha uzi kilichoanguka. Bibi akamkabidhi picha zote mbili.

"Bila shaka arusi ilikuwa ya kina Diop."

Wakacheka wote wawili, Arame akaenda zake na picha kifuani.

Zilipotimia za kutosha, alikumbuka kwamba bibi yake Marem naye hana budi kumlaki mjukuu. Aliishusha fremu. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, hakifutiki ila ifunguliwe, na kwa ajili ya Ulimata alijipa moyo. Aling'oa visumari kimoja kimoja kwa ncha ya kisu. Ubao wa nyuma ukatoka. Kwenye pembe ya karatasi kulikuwa na uzi umesokotwa, wa manjano na mwingine uliokuwa mwekundu zamani, sasa una rangi ya chai. Mafundo matatu.

Alikaa kitandani. Kwanza alifanya anavyofanya mtu yeyote, akatafuta mlango wa kutokea. Nyuzi nyekundu ni nyingi duniani. Pengine nyumba mbili zilifanana. Kisha, pole pole, akaigeuza picha na kuitazama kama iliyotoka sandukuni kwa watu. Pazia la nyuma lilichorwa ngazi na mtungi wa maua. Pazia hilo alilijua sana. Mara ngapi amewaambia watu Jumapili kwamba lilichanika mapema, na likiwepo kwenye picha, basi picha ni ya wakati wa vita vikuu? Mama yake alizaliwa miaka kadhaa baada ya vita. Hesabu hiyo angeifanyia picha ya mtu yeyote bila kufikiri. Hii hakuifanyia, kwa sababu hakutaka.

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mwanamke yule ni bibi yake. Alijiambia mwenyewe, na wenye adabu wakaitikia.

Ulimata alipoambiwa alimkumbatia mama yake. Akashauri, kwa huruma tu, kwamba wasubiri arusi ipite. Mame Ndumbe amengoja miaka yote hiyo, juma moja halitamdhuru. Arame alimsikia. Aliona pia kwamba juma moja likipita litakuja la pili, na bibi wa miaka ile hana majuma ya kugawa. Zaidi ya hayo, aliijua sauti iliyokuwa ikimwambia asubiri. Ilikuwa ileile iliyomkataza kufungua fremu.

Asubuhi yake hakwenda sokoni. Alimkuta Mame Ndumbe uani anachambua majani ya mboga, akamwekea picha mapajani. Bibi akafuta vidole kwa nguo yake, akaiinua juani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mzuri," alisema. "Nani huyu?"

Hakumtambua. Arame akaona njia wazi mbele yake, haina hata jiwe. Neno "bibi yangu" lilikuwa limefika ulimini, miaka yote limezoea kutoka lenyewe. Angelisema, angeichukua picha, angerudi kuitundika juu ya kitanda. Hakuna ambaye angejua.

Akanyoosha mkono, akaigeuza picha mapajani mwa bibi.

Mame Ndumbe aliyagusa mafundo kwa ncha ya kidole, moja, jingine, la tatu. Kisha akairudisha upande wa uso, na safari hii hakutazama uso. Fremu ilikuwa imeondoka, na ukingoni sasa ulionekana mkono mzima wa mtoto mpaka kwenye kifundo, umevaa ushanga.

"Huyu ni mimi," alisema.

Arame akauliza amejuaje.

"Mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi, nikadhani amekatwa kichwa. Nikakimbilia nyuma ya kiti. Baba alinicheka mpaka nimekuwa mtu mzima: mtoto mjinga, ameingia pichani mkono tu." Aliuweka mkono wake mkavu kando ya ule mdogo. "Umemtoa wapi mama yangu?"

"Juu ya kitanda cha bibi yangu, Mame. Marem Gueye. Nilidhani ndiye yeye. Nisamehe."

Bibi hakusikia habari ya kusamehe. Alikuwa amekamatwa na jina.

"Marem. Mwenye mwanya hapa mbele?"

"Sijui. Sikumwona hata siku moja."

Ndipo Mame Ndumbe alipoweka mboga kando. Alisema kwamba mama yake alipokufa, baba alioa mke mwingine mwenye watoto wake, na nywele za yatima haziwi kazi ya mtu. Lakini kulikuwa na mwanamke kijana, shoga wa mama yake, aliyeolewa karibuni. Kila Alhamisi alikuja, akamweka katikati ya magoti yake, akamsuka. Alikuwa na mwanya, na alicheka huku amefunika mdomo.

"Alikuwa akininong'oneza," bibi alisema. "'Mama yako yuko kwangu, namtunza. Ukiolewa nitamleta.' Baba alikuwa amekataza nisionyeshwe picha, akihofu nitaugua kwa kulia. Mimi nikadhani mama hakufa, amefichwa chumbani kwa Tata Marem, ndivyo nilivyomwita. Kila Alhamisi nilimnusa nguo nione kama ana harufu ya mama."

Kisha baba yake akapata kazi Kaolack, wakaondoka kwa treni, na yule mwanamke hakujua waliko. Aliporudi uzeeni alikumbuka mikono na mwanya, lakini jina la nyumba lilikuwa limemtoka.

Arame aliketi palepale chini. Aliwaza kuhusu kile kitanda. Tangu picha ile ilipoazimwa kwa arusi yake mwenyewe, bibi yake alilala maisha yote chini ya uso wa shoga yake. Alimtundika pale ili asipotee, akingoja mtoto aolewe aje kumchukua. Nyumba nzima ilikuwa na picha moja tu, na hiyo ilikuwa amana.

"Mchukue, Mame," alisema. "Amefika."

Mame Ndumbe alimtazama mama yake kwa muda. Akamkaribisha Arame chai, wakanywa bila haraka, na walipofika kikombe cha tatu, cha mwisho, ambacho kwa desturi ndicho kitamu, bibi akaomba sindano.

"Arusi ni lini?" aliuliza.

"Ijumaa."

Akasokota uzi mpya, akaupitisha kando ya ule wa zamani. "Basi nakuazima. Mama yangu anapenda arusi, huoni alivyokawia? Lakini wewe Diop, ukinirudishia kwa mwendo wa bibi yako, nitakuja na fimbo."

Picha ilitundikwa katikati ya ukuta, na Ulimata aliingia chumbani mtaa mzima ukimtazama. Wageni waliuliza mwanamke yule mzuri ni nani. Arame akawajibu kwamba ni Yasin, mama yake Ndumbe Ndiaye, na mkono ule ni wa Ndumbe mwenyewe. Baadhi yao walikuwa walewale waliosifu paji la uso. Walitazama pembeni, wakasifu chakula.

Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Siku ya kurudisha, Arame alianza na nyumba nyingine zote, akisoma nyuma ya kila picha. Ya Mame Ndumbe akaiacha ya mwisho. Alipoikabidhi, mikono ilibaki mitupu na hakujua aiweke wapi. Mwana wa Mame Ndumbe akapigilia msumari, bibi akasimamia, kulia kidogo, shusha, hapo. Walitazama pamoja. Kisha bibi akageuka akamkagua Arame kichwani.

"Nani kakusuka hivi? Kichwa kama shamba la kina Diop, kila tuta na njia yake. Kaa hapa."

Arame akaketi mkekani, mgongo katikati ya magoti ya bibi, mtu mzima mwenye binti aliyeolewa juzijuzi. Bibi alifumua bila kuvuta.

"Alianzia hapa, nyuma ya sikio," alisema. "Wengine huanzia mbele. Na hakukaza, alijua kichwa cha mtoto kinauma. Akimaliza msuko, anapuliza. Hivi."

Pumzi ikapita shingoni, nyepesi, ina harufu ya mnanaa.

"Ndivyo alivyofanya?" Arame aliuliza.

"Ndivyo. Usigeuke," alisema Mame Ndumbe. "Tulia."