Treni Iligawanyika Tabora

Mimi na baba mkwe wangu tulikuwa tunarudi Bukavu kwa kuzunguka, kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake akalazimika kupita katika nyua za majirani wote ili aingie kwa upande wa jikoni.

Mwezi wa saba mwaka 1998 nilimsindikiza Lubumbashi kwa ndege, akapasuliwe tumbo. Alikuwa bado kitandani hospitalini vita vilipoanza. Bukavu ikabaki upande wa waasi, Lubumbashi upande wa serikali, na kati yake hapakupita ndege wala gari. Ndugu wa kanisa walitupokea, tukakaa kwao mpaka mwaka ukaisha. Ndipo Honoré, mume wangu, alipotuma neno kwa foni ya parokia, redio ile ambayo ukisema neno lako mji mzima unalisikia. Alisema hivi tu, akitaja mtaa wetu pale Bukavu: "Usiache papa afie ugenini. Mulete Bagira."

Basi tukapita Zambia, tukaingia Tanzania, na Dar es Salaam tukapanda treni ya Kigoma. Kutoka Kigoma tungevuka ziwa hadi Uvira, na mtu akishafika Uvira anaanza kunusa kwao.

Sikuwahi kupanda treni. Baba mkwe naye hakuwahi, lakini alikuwa makanika wa meli za Ziwa Kivu maisha yake yote, na yeye ndiye aliyenifundisha. Alisema treni ni meli ya nchi kavu. Ukishapanda umepanda, ulale mbele, ulale nyuma, wote mtatelemka bandari moja. Nilimwamini. Pale nyumbani hakuna anayebishana naye juu ya vyombo vyenye injini.

Nilimwita Papa, au Muzee. Katika nyumba ile mkamwana hataji jina la baba mkwe. Mama mkwe wangu, marehemu Cibalonza, alinikalisha chini usiku wa kuamkia harusi akaniambia kwamba jina la mzee yule halikai kinywani mwangu. Siku nitakayolitamka nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu. Nilizaa watoto katika nyumba ile, wa kwanza Bintu, nilimzika mama mkwe mwenyewe, na jina hilo sikuwahi kulitamka hata nikiwa peke yangu.

Tulikuwa daraja la tatu. Viti vilikuwa vigumu, na njia ya katikati ilijaa magunia, ndoo na watu waliolala juu ya magunia. Kidonda cha Muzee kilikuwa kimefunga, lakini hakuweza kukaa wima kutwa. Hakulalamika. Alishika ubavu akafumba macho, na mimi nikashika rozari ndani ya kitenge nikimwomba Mungu ampatie mahali pa kunyoosha mgongo.

Tulipofika Dodoma tulisikia watu wakiimba katika mabehewa ya mbele. Mama mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani alishuka kununua zabibu. Alipopita chini ya dirisha letu alimwona Muzee amejikunja, akauliza ana nini. Nilimweleza. Aliuliza tunakwenda wapi, nikasema Bukavu. Alijitambulisha kuwa Mama Marselina, akasema wao ni kwaya, wako daraja la pili lenye vitanda, na kitanda cha chini kinaweza kumpumzisha mgonjwa bila kumnyima mtu. Tulimshusha Muzee, tukamwongoza polepole hadi kule, wakamlaza na kumfunika shuka. Niliporudi kwenye kiti changu nililia kwa shukrani. Sikuwa nimeona sala ikijibiwa upesi namna ile.

Treni iliposimama Itigi nilikimbia kumpelekea uji. Nilimkuta ameegemea mto, anawasimulia wanakwaya dhoruba iliyompata karibu na kisiwa cha Idjwi. Uso wake ulikuwa wa mtu mzima wa afya. Niliondoka na amani. Tiketi zetu zote mbili, karatasi zake na dawa zake vilikuwa katika mfuko wangu, maana kwa watu wa meli mfuko mmoja unatosha.

Mbele yangu alikaa mfanyabiashara wa dagaa wa Kigoma, mtu wa mizaha. Tangu Morogoro alikuwa akinitania, kila nikisema "iko" ya Kiswahili cha kwetu anahesabu kwa vidole. Tulipokaribia Tabora, jua likiwa juu, aliniuliza mzee amehamia wapi. Nilisema yuko na kwaya.

"Kwaya ile ya Mwanza?"

Nilisema sijui ya wapi, ni wacha Mungu tu. Aliacha kutafuna.

"Sasa mama, mzee wako anakwenda Mwanza kufanya nini?"

Nilicheka, nikidhani ni mzaha mwingine. Yeye hakucheka. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu aliyefiwa, kwamba Tabora treni inakatwa. Mabehewa ya mbele yanakwenda kaskazini hadi Mwanza, ya kwetu yanakwenda magharibi hadi Kigoma. Na mtu anayekwenda Bukavu anaweza kupita Mwanza pia, akavuka ziwa lile kubwa na kuzungukia Rwanda. Ndipo nilipoelewa kwa nini Mama Marselina hakushangaa. Alifikiri njia yetu ni moja.

Nilisimama nikataka kupita katikati ya watu. Haikuwezekana, nilikanyaga mguu wa mtu, nikasukumwa, nikarudi pale pale. Yule bwana aliniambia nisubiri tusimame, yeye atalinda mizigo.  Nilimwona Muzee akiamka Mwanza bila tiketi, bila karatasi, bila dawa, Mkongomani mzee katika mwaka ambao Wakongomani walikuwa wakisimamishwa kila mahali. Nilimwona Honoré amesimama mbele yangu, haulizi chochote. Nilijaribu kusali, sala ikakataa kupanda. Nilikuwa nimemwomba Mungu mahali pa kulala. Sikukumbuka kumwomba mahali hapo pawe pa kwenda Kigoma.

Treni ikasimama. Kila mtu alitaka kushuka kwa mlango mmoja, na mbele yangu mwanamke mwenye kapu la kuku alikwama. Kuku walipiga kelele, watu wakamtukana, naye akajibu tusi kwa tusi bila kusogea. Tulitikiswa mara moja, kisha nyingine. Nilipokanyaga chini hatimaye, nilitazama mbele na mabehewa hayakuwapo. Palikuwa na reli tupu na hewa inayotetemeka kwa joto.

Yalikuwa yamesogezwa njia nyingine, ng'ambo, yamefungwa kichwa kipya cha treni. Nilikimbia. Mabehewa yote yalifanana, na kwa kuwa yalikuwa yamepangwa upya sikujua la kwaya ni lipi. Hakuna aliyekuwa akiimba. Niliita, "Papa! Muzee!" Wazee wengi walichungulia, na vijana wakacheka kwamba mama huyu ana baba wengi.

Mtumishi wa reli alikuwa akipita na kipaza sauti cha mkononi, akihimiza watu wapande. Nilimshika mkono. Nilimwambia kuna mgonjwa mle ndani, si wa Mwanza, ni wa Kigoma.

"Jina lake nani?"

"Iko baba ya bwana yangu."

"Mama, hilo si jina."

Alikuwa mtu mwema. Akatangaza kwamba mzee mgonjwa kutoka Bukavu ashuke. Hakushuka mtu, pengine dawa ya asubuhi ilikuwa imemlaza. Nikasema atangaze "Papa wa Honoré", akatangaza hilo pia. Lakini nani aliwahi kumwita hivyo? Honoré ni mtoto wake wa mwisho, na mzee huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza. Kichwa cha treni kikapiga honi, na mtumishi akaniambia kwa upole kwamba hawezi kuizuia treni kwa ajili ya mtu asiye na jina.

Nilitazama chini. Nilimwona Cibalonza kwenye mkeka wake, kama usiku ule wa kuamkia harusi. Nikasema moyoni, Bwana, unisamehe au usinisamehe, lakini asiende. Nikavuta kile kipaza sauti kinywani mwangu kikiwa bado mkononi mwa mwenyewe.

"Léopold! Léopold wa Bagira, telemuka!"

Sauti yangu ilinitisha. Ilipita juu ya mabehewa ikarudi. Nikaita tena, na ndani ya treni watu wakaanza kulipokezana jina lile, Léopold, Léopold, wengine wakilipinda, wengine wakiuliza ni nani. Mabehewa yakaanza kusogea, polepole kama mtu anayejinyoosha. Kisha mlango mmoja ukafunguka na Mama Marselina akatokea akimshika Muzee kwapani, shuka ya kwaya bado mabegani mwake, macho yake yakitafuta. Mtumishi alikimbia upande huu, mimi upande ule, tukampokea kama mzigo wa mayai. Mama Marselina alipunga mkono kwamba shuka tubaki nayo. Alikuwa akisema kitu, lakini sikukisikia.

Tulirudi kwenye behewa letu. Mwenye dagaa alimpisha Muzee benchi lake lote, akaenda kukaa juu ya gunia. Muzee alilala akitazama dari. Nilimpa maji, akanywa. 

"Ni nani aliniita?"

Ningeweza kusema ni mtumishi wa reli. Mwenye dagaa aliniangalia, kisha akageukia dirisha.

"Ni mimi, Papa."

 Treni iliondoka Tabora, stesheni ikaisha, vichaka vikaanza, naye bado anatazama dari. Nilikuwa nimemtoa katika treni ya Mwanza, lakini sikujua kama bado nilikuwa mkamwana wake.

"Tangu mama ya Honoré alikufa," alisema mwishowe, "hakuna mutu aliniita vile. Nilisikia mu usingizi. Nikafikiri iko yeye."

Kisha akaongeza, "Na meli gani hii, wanaikata kama mukate."

Hatukulizungumza tena. Kigoma hatukulizungumza, wala ziwani, ambako alikaa karibu na injini na kuikosoa. Lakini moyo wangu haukutulia. Nilijiuliza atasema nini Bagira mbele ya wanawe.

Kutoka Uvira tulipanda nyuma ya lori. Tulipofika Luberizi, mashamba ya mpunga yakiwa pande zote, kulikuwa na kizuizi. Askari mmoja alichukua karatasi zetu, akazificha nyuma ya mgongo wake ili atujaribu, akamwelekezea Muzee mtutu wa bunduki huku akiniangalia mimi.

"Huyu anaitwa nani?"

  Nilimgeukia Muzee. Alikuwa amejifunika shuka ya kwaya, anatazama mpunga kana kwamba maneno yale hayamhusu.

"Mwambie, mama ya Bintu," alisema. "Jina unalijua."