Jembe la Mposaji

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta. Nilisimama katikati ya uwanja wa mwanamke niliyekwenda kumposa, jembe lake mkononi, nikitabasamu kama mtu anayengoja kupigwa picha, na nyuma yangu uwanja mzima ulikuwa mtupu kama kichwa kilichotoka kunyolewa.

Mimi ni mtu wa Mlalo. Kwetu maji hushuka yenyewe mferejini, na mtu akipanda kitu anakijua kwa jina. Watu wa Mnazi, kule chini milima inakoishia, nilikuwa nikiwahurumia kwa huruma ile iliyo jirani na kicheko. Wanaishi ndani ya tanuri, nilizoea kusema gengeni, sijui kuni wananunua za nini. Kumbe baada ya kufiwa na mke, miaka mitano ya kupika uji wenye madonge, macho yangu yakaenda kuangukia tanurini humo humo. Salama alikuwa mjane aliyekuwa akipanda mlima kuja kwetu siku za soko na mchele wake, akanikatalia punguzo huku akicheka. Nilipomtamkia la moyoni, hakushtuka. “Njoo Alhamisi nyumbani,” alisema. “Jibu utalikuta huko.”

Alhamisi nilifika saa moja asubuhi. Mlango ulikuwa umefungwa; mwenyewe kaenda kisimani. Nikautazama uwanja wake, nikasikitika. Kuanzia kizingitini hadi kwenye ua wa miiba palikuwa na kitu kimetambaa, mashina mekundu, vijani vinene mfano wa punje za mchele, kimejikunyata chote. Nilikifahamu, au nilidhani nakifahamu: ndugu wa lile gugu linalonisumbua kwenye matuta ya karoti, ukiling'oa leo kesho linakusalimia. Maskini mjane wa watu, nikawaza, hana hata wa kumlimia mlangoni. Na kwetu anayeposa hakai kunyoosha miguu. Akiiona kazi huishika, ndiyo barua yake ya kwanza.

Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani.

Nilikuwa nimefika katikati pale kichwa cha jirani, bibi kizee aitwaye Rukia, kilipochomoza juu ya ua.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Wewe ndiye yule wa Mlalo?”

“Ndiye mimi.”

“Na hiyo kazi, umetumwa?”

“Mwanamume hatumwi, bibi. Anaona.”

Akaliangalia rundo nililolitupa njiani, akaniangalia mimi. “Haya,” alisema. “Endelea kuona.” Kisha akacheka kwa Kishambaa, maana kicheko chetu nacho kina lugha yake, na kile hakikuwa cha kunisifu.

Salama alirudi kwenye saa tatu, ndoo kichwani. Upepo wa bondeni ulikuwa umeamka, na udongo nilioulegeza ulikuwa ukiingia mlangoni kwake kama mgeni aliyealikwa. Hakuitua ndoo.

“Nani kafanya hivi?”

“Mimi,” nikajibu, kifua mbele. “Nimekusafishia, Bi Salama.”

“Umenisafishia.” Alilionja neno lile kama maziwa yaliyochacha. “Umetoka Mlalo kuja kuning'olea maua.”

“Maua yapi? Hapa hapakuwa na ua hata moja.”

“Yanangoja jua liwake. Hayaamki mapema kwa ajili ya wageni.”

Akatua ndoo, akanieleza bila kupandisha sauti, jambo lililouma zaidi. Marehemu mumewe aliahidi saruji ya uwanja hadi akazikwa. Vumbi likawa linaingia mpaka kwenye sufuria. Ndipo akaokota kijiti kimoja cha maua yale, akakichomeka. Kikawa viwili, vikawa kumi, na kwa miaka mitatu ardhi ikatulia, pasipo yeye kuyapa tone la maji.

“Nitayarudisha,” nikasema. “Nitaleta samadi ya kwetu. Nitayamwagilia asubuhi na jioni.”

“Yataoza. Nyie watu wa milimani hamjui kupenda kitu bila kukizamisha.”

Bibi Rukia alipiga kofi moja kule nyuma ya ua. Nikageuka nimkaripie kwa macho, nikaliona rundo.

Jua lilikuwa limelifikia. Pale njiani nilipolitupa, mizizi ikitazama mbingu, lilikuwa linafunguka. Jekundu moja, la njano moja, kisha jeupe, kisha sikuweza kuhesabu. Limelimwa, limetupwa, limepigwa teke na mposaji huyu hapa, na bado limechanua kwa wakati wake. Na mimi, mwanamume wa miaka hamsini na minne, nikikosa chai ya asubuhi hunyauka hadi jioni.

“Unaona sasa?” akauliza yule bibi.

Salama alichota mkono mzima wa maua, akayatupa chini mlangoni, akayakanyaga taratibu. “Kanyaga na wewe,” aliniamuru. “Yanashika mizizi.” Nikakanyaga. Tulizunguka uwanja ule kama watu wanaojifunza ngoma, na jibu langu nililokuja kulifuata likawa halitajwi.

Hapo ningenyamaza. Lakini Mlalo yote ilikuwa imenikaa kooni.

“Ila kubali jambo moja, Bi Salama,” nikasema. “Kitu kinachoota bila kuhangaikiwa na mtu, kwetu huitwa gugu.”

Akasimama. Akakung'uta mikono, akanipima kutoka kofia hadi viatu.

“Mimi huu mwaka wa tisa sijahangaikiwa na mtu, bwana Amiri. Umeamka alfajiri yote hiyo kuja kuposa gugu?”