Bata Bukini Waliobaki Kaskazini

Maji yalikuwa yamekupwa Ubaldina alipofika kwenye ghuba ya San Quintín na kukuta vichanja vyake vya kufugia chaza vimeng'olewa na kutupwa topeni. Chaza walikuwa wamepondwa chini ya matairi ya gari. Hakulia. Gari lile alilijua kwa alama za matairi yake.

Lilikuwa la Celso, shemeji yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni waliovuka mpaka kutoka kaskazini kila majira ya baridi kuwinda bata bukini weusi. Zamani ndege hao walitanda ghuba nzima. Sasa vilishuka vikundi vichache tu, na wawindaji nao wakaadimika. Celso akapata wa kumlaumu: vichanja vya Ubaldina, alitangaza kila kona, vimeua majani ya baharini wanayokula bata bukini.

Jumamosi hiyo Elvia, mtafiti aliyewahesabu ndege hao kutoka angani, aliwakusanya wanakijiji katika ukumbi wa kanisa. Celso alimdakia hata kabla hajamaliza salamu.

"Waambie, mtaalamu. Chaza ndio wamewafukuza, au siyo?"

"Hawajafukuzwa na mtu," Elvia akajibu. "Ukijumlisha njia yao yote, hawajapungua sana. Ila Alaska bahari haigandi kama zamani, majani wanayapata kulekule. Wengi hawaoni haja ya kushuka huku."

Mtu akacheka puani. "Kumbe Celso ungeenda kukanyagakanyaga Alaska."

Ubaldina akasimama.

"Shemeji, mwaka mzima umenichafulia jina. Dukani watu hawanisalimii. Na ninyi mnaocheka leo, jana mlikuwa mnaitikia. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza. Nimemzika mume wangu, nikabaki na vichanja hivyo tu. Nani aliwapa ruhusa ya kunihukumu kwa sababu ya ndege waliojichagulia pa kukaa?"

"Mimi nilidhani..." Celso akaanza.

"Ulidhani. Ukaja kudhania na gari juu ya chaza wangu."



Kesho yake Celso alifika ghubani na nyundo na nguzo mpya. Hakuomba radhi; alianza tu kuchimbia. Ubaldina alimwonyesha mahali kwa kidole. Jua lilipopanda, Celso akamimina kahawa kutoka kwenye chupa, akamnyooshea kikombe.

"Kunywa mwenyewe," Ubaldina akasema. "Na nguzo hiyo imepinda. Ing'oe."

Celso akaweka kikombe chini, akaing'oa.