Njia ya Pwani ya Torleif

Jioni tatu mfululizo Gunnvor alikaa jikoni kwake Steinkjer, ramani imetandazwa mezani, simu sikioni, penseli mkononi. Upande wa pili wa simu alikuwa kaka yake, Torleif, amelala kwenye makao ya wagonjwa huko Bodø. Madaktari walikwisha sema: akimaliza wiki ni bahati. Gunnvor alitaka jambo moja tu duniani, amkute hai.

Na nani bora wa kumpangia safari kuliko Torleif mwenyewe? Miaka thelathini na minane alipanga magari kwenye vivuko vya pwani ile, mvua yake, jua lake. Barabara kuu aliidharau tangu ujana.

"Huko ni malori na miti tu, mdogo wangu," alisema Jumatatu. "Pita pwani. Vivuko sita, siku mbili, na macho yako yatakushukuru."

Siku mbili, sawa. Gunnvor aliandika.

Jumanne siku zikaongezeka. Lazima alale kisiwani Vega. Mtu hapiti Vega kama anayefukuzwa. Jumatano kikaingia kisiwa kingine, Lovund, akawaone wale ndege wenye midomo ya rangirangi. Gunnvor aliandika vyote, maana sauti ya kaka ilipata nguvu kila alipotaja gati, naye aliipenda sauti ile. Alijidanganya, kusema kweli. Mapenzi humfanya mtu mzima asijue kuhesabu.

"Ukifika Kilboghamn," Torleif aliendelea, akatulia kidogo avute pumzi, "kuna kivuko cha saa moja asubuhi. Kiache kiende. Panda cha saa tano."

Penseli ikasimama.

Torleif, wa kusema kivuko kiachwe? Mtu huyu aliwahi kumfokea askofu gatini kwa kuchelewa dakika moja. Kwenye harusi ya Gunnvor mwenyewe aliondoka keki haijakatwa, awahi zamu. Gunnvor akahesabu upya, kidole juu ya ramani. Siku sita.

"Kaka," alisema, "hutaki nikukute."

Kwenye simu Gunnvor alisikia mtu akisukuma toroli la chai kwenye ujia wa huko.

"Kaka Torleif."

"Nimebaki mifupa, Gunnvor. Wananigeuza kitandani kama mtoto mchanga. Jana nimejiona kwenye kioo, nikauliza huyu mzee ni nani. Wewe baki na yule wa gatini, mwenye koti la njano. Uje mazikoni, utazame bahari njiani. Inatosha."

Uchungu ulimpanda Gunnvor, na hasira nyuma yake. Jeuri gani hii, mtu ajifie peke yake kwa ajili ya sura, kisha dada yake atumwe kutazama ndege!

"Umeongea siku tatu, sasa nisikilize," alisema. "Kesho napita barabara kuu, jioni niko kwako."

"Huko hakuna cha kuona."

"Nakuja kukuona wewe. Ukiona haya, geukia ukutani, nitakaa na mgongo wako. Mgongo huo naujua, ndio ulionibeba kwenda shule."

Torleif akacheka, kicheko kikawa kikohozi, na kikohozi kilipokwisha alikuwa analia. Gunnvor hakumwambia anyamaze. Alikunja ramani polepole, akaiweka kando, akangoja huku machozi yake mwenyewe yakimtiririka bila kuyafuta.

"Toka saa kumi na mbili," Torleif alisema hatimaye, kwa sauti yake ile ya kazini. "Jaza mafuta Mo i Rana, ukishaanza kupanda mlima wa Saltfjellet usitegemee kituo. Juu kule pana upepo, shika usukani kwa mikono miwili. Na Gunnvor..."

"Naam, kaka."

"Usisimame kokote."