Mkono wa Nevija

Asubuhi tunazichukua baiskeli za kuazima za mji huku mlimani na kuziacha bandarini. Kushuka ni raha, pedali hazina kazi. Kupanda nani anataka? Jioni tunarudi kwa basi, na kituo chetu cha baiskeli kinabaki vyuma vitupu vya kuzifungia mpaka gari la mji lizipakie baiskeli na kuzirudisha juu. Ofisi ya mipango ilichoka na safari hizo. Ikataka kukihamishia kituo ufukweni, na ikamtuma Nevija aje kutueleza. Nevija ni wa kwetu, anakaa nyuma ya kanisa.

Ukumbi wa shule ulijaa. Jadranka, anayefanya usafi hospitalini, alisimama wa kwanza.

"Jirani, mimi naingia zamu kabla basi la kwanza halijatoka. Mkiondoa baiskeli nitafikaje?"

"Tatizo hamzirudishi," Nevija akajibu kwa sauti yake ya ofisini. "Ni mazoea tu. Mlima unapandika."

Tuliangua kicheko. Barba Frane, mzee wetu, dereva mstaafu asiyejua kufunga mdomo, akadakia: "Unapandika na mbuzi! Haya, aliyewahi kuupanda kwa baiskeli anyooshe mkono. Hakuna? Na wewe mwanangu, je?"

Nevija angecheka nasi tu, yakaisha. Lakini bosi wake alikuwa mstari wa mbele, amegeuka anamtazama. Nevija akanyoosha mkono.

Jadranka alishtuka. Kila jioni wawili hao hukaa pamoja kwenye basi, Nevija akimlalamikia habari za mumewe tangu bandarini hadi kanisani. Neno lake moja lingetosha kuufichua uongo. Akainama, akawa anafungua na kufunga zipu ya mkoba wake. Nasi wengine tulijua vilevile. Ila kumuumbua binti wa jirani mbele ya bosi wake, nani angeanza? Hata Frane alitazama dari.

"Mnaona?" bosi akasema, akisimama. "Mwenzenu anaweza. Basi kinachowasumbua ni uvivu."

Vyuma viling'olewa kabla ya majira ya baridi. Nevija akaanza kurudi nyumbani kwa miguu, akipitia ngazi za uchochoroni ili asikutane na mtu. Mpaka jioni moja upepo wa bura ulipovuma hadi mapipa yakabingirika barabarani, ikambidi apande basi.

Jadranka alikuwa pale pale dirishani. Amelegeza kamba za viatu, miguu imevimba, maana siku hizi anashuka ngazi zote zile gizani kwenda kazini. Alipomwona Nevija aliutoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni, kama siku zote.

"Kaa, jirani. Umepotea sana."

Nevija alishika bomba kwa mikono miwili. Uso ulimwaka. Basi likapanda kona ya kwanza, likapanda ya pili, naye amesimama tu.

"Si ukae," Jadranka akamwambia tena, akikipangusa kiti kwa kiganja. "Kiti chako hiki."