Rundo la Kumi na Saba

Mwaka 2004 nilisomea kompyuta miezi mitatu hapa Kitengela, nikajiona nimefika. Watafiti wa mambo ya kale waliponiajiri niwe karani wao kule Ewuaso Kedong, nilienda nimenyoosha shingo. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kwenye laptopu kila rundo la mawe lililoonekana kuwa kaburi: namba, vipimo, picha, jina la aliyezikwa. Programu yenyewe ilikuwa kaidi kuliko punda. Ukiacha nafasi moja tupu, haihifadhi kitu.

Mzee Lesiamon, mfugaji wa pale, ndiye aliyetuonyesha marundo. Tulipofika la kumi na saba aling'oa nyasi mbichi, akaziweka juu ya mawe kwa heshima. Nikamuuliza ni nani amelala pale. Akasema yule hatajwi. Nikauliza tena, akageuka kutazama ng'ombe wake. Mimi ni Mkamba, lakini nimekua na Wamaasai tangu utotoni, na nilijua vizuri kwamba wazee wao hawataji jina la marehemu, wasije wakamwita. Nilijua. Ila jua lilikuwa linachoma, betri inakaribia kuisha, na hasira zangu ziko karibu siku zote. Nikaandika "hajulikani", nikabonyeza.

Miezi michache baadaye wakubwa waliiambia kompyuta iwatolee makaburi yasiyo na wenyewe. Ikatoa la kumi na saba, wakalichimba. Ukame ulikuwa umemsukuma Lesiamon na mifugo yake hadi Illasit, mpakani, kwa hivyo hakuwapo wa kukataa.

Aliporudi alikuta shimo. Alinifuata ofisini Kitengela, akaketi mbele yangu, akanieleza polepole kwamba pale alilazwa baba yake, na kwamba ametoka mbali kuchukua mifupa airudishe chini ya mawe. Hakunitukana hata kidogo. Upole ule ulinitia hofu kuliko matusi.

Nikafungua rekodi. Ilikataa kuonyesha sanduku la mifupa liko wapi mpaka mwenye kudai aandikishe jina la marehemu. Ningeweza kubandika jina lolote, nani angejua? Lakini uongo wangu wa kwanza ulikuwa umeketi pale mbele yangu, na nilikuwa nimeapa kutoongeza wa pili. Nikamwomba jina.

Akainuka, akafunga mlango, akavua kofia, akalitaja mara moja kwa sauti ndogo. Nililiandika herufi kwa herufi.

Rekodi ikafunguka. Ilikuwa mistari miwili tu: mifupa ilikuwa michache, ikapelekwa ng'ambo kupimwa umri, ikasagwa yote. Nikaisoma mara tatu, nikitafuta pa kujificha.

"Walisaga, mzee," nikamwambia. "Hakuna kitu imebaki."

Lesiamon alivaa kofia yake taratibu.

"Tangu tumlaze, nikiwa moran kijana, sijamwita," akasema. "Leo nimemwita. Atakuja, na hana mahali ya kulala." Akafungua mlango, akanigeukia. "Nimemwita kwa hii meza yako, Mukai. Akifika, wewe ndio utamwambia."

Niliacha kazi mwezi uleule. Hadi leo mtu akibisha kwangu, mimi huuliza kwanza ni nani, na asipojibu, sifungui.